Pindo Aliloshona Sonia

Huku kwetu Kataki, mtaa wa Kalemie kando ya ziwa, mwanamke akishona blanketi la vipande, halimalizi mwenyewe. Anaunganisha vipande vya vikwembe, yaani vitenge, vilivyochakaa mpaka vinakuwa uso mmoja, anatia katikati shuka kuukuu, anaweka kitambaa kizima mgongoni, kisha anazishona tabaka zote tatu pamoja. Baada ya hapo anakunja mzigo wake, anaubeba kichwani na kwenda kwa Mama Evodie. Pembeni bado kuko wazi, nyuzi zinaning'inia pande zote kama ndevu. Kazi ya kupinda ukingo ni ya Evodie, na hakuna anayekumbuka lini mtaa uliamua hivyo.

Yeye akiulizwa kwa nini hashoni blanketi zima, hutoa jibu fupi. "Bulangeti haikufaga katikati," husema. "Inakufaga pembeni." Maana yake, blanketi huchakaa kuanzia ukingoni.

Ni mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Hakuzaliwa hapa. Alizaliwa Nyunzu, mji wa reli ulio mbali na ziwa. Baba yake alikuwa amefanya kazi ujanani katika kiwanda cha nguo hapa Kalemie, na kiwanda kilipofungwa alirudi kwao kwa treni, akiwa na mke, na magunia ya vitambaa vyenye kasoro ambavyo hakuna mtu aliyevitaka. Binti zake wawili walikulia juu ya magunia hayo. Sonia, mkubwa, alikuwa na jicho. Alikuwa akimwaga vipande sakafuni, anavitazama huku ametia kidole mdomoni, halafu anaweka cha manjano karibu na cha zambarau, na wote waliokuwa wakipita walisimama. Evodie hakuwa na jicho hilo. Alichounganisha yeye kilionekana kama mboga zilizomwagika. Mama yao, aliyechoka kuona vitambaa vinaharibika, akampa pembeni. "Wewe pinda," alimwambia. "Mwachie yaya yako, mkubwa wako, katikati."

Akapinda. Na kwa kuwa hakuwa na kingine, alipinda vizuri kuliko mtu yeyote.

Alijifunza kwamba ukanda wa pindo haukatwi kwa kufuata uzi wa kitambaa. Ukikata kwa kufuata uzi, siku uzi ule mmoja ulio kwenye mkunjo ukichoka, pindo zima linapasuka kutoka kona hadi kona. Evodie hukata mshazari, kutoka pembe kwenda pembe, na kitambaa kilichokatwa hivyo huvutika kidogo, hutii, na kikichakaa hakichakai chote mara moja. Kanda huziunga kwa mshono wa kulala ubavu ili pasitokee nundu. Hukunja ukanda mara mbili kwa urefu, hupitisha pasi ya makaa, huushona kwanza upande wa mbele. Akikaribia kona, husimama kabla hajaifikia, kiasi cha upana wa kidole. Hapo hukunja ukanda kwenda juu, halafu huushusha, na kona inajifunga yenyewe kama bahasha. Kisha hugeuza blanketi na kushona mgongoni kwa mkono, mishono midogo inayoshika uzi mmoja tu wa kitambaa. Ukitafuta mishono hiyo huioni. Watu wengi waliitafuta.

Dada hao waliishi hivyo miaka mingi hata baada ya kuolewa. Sonia aliolewa na Ilunga, mkulima wa mihogo, akazaa binti mmoja, Bijou. Evodie aliolewa, hakupata mtoto, mume akamrudisha kwao. Akahamia uani kwa dada yake. Blanketi likitoka mikononi mwa Sonia, liliingia mikononi mwa Evodie bila mtu kuinuka kwenye mkeka.

Halafu vijiji vya Nyunzu vikaingia vitani. Yaliyotokea huko watu wa hapa wanayajua, na wale walioyaona hawapendi kuyasimulia. Ilunga aliuawa shambani pamoja na kaka yake. Dada wawili walitembea kwenda upande wa ziwa, Bijou akiwa bado mdogo wa kubebwa anapochoka, wakafika Katanika, kambi ya waliokimbia vita, pamoja na maelfu ya wengine, wakajengewa kibanda cha nyasi na turubai. Evodie alikuja na sindano zake zimechomekwa kwenye kola ya blauzi. Sonia alikuja na mtoto tu.

Ilikuwa Katanika ndiko walikoanza tena. Mama mmoja aliyefiwa na mtoto aliwaletea nguo za yule mtoto, akauliza kama zinaweza kuwa kitu. Sonia alizitazama siku nzima. Wakamtengenezea blanketi dogo. Yule mama alilipokea, akaliweka usoni. Baada ya hapo wengine walikuja. Walipoweza, dada wakahamia mjini, wakapanga chumba Kataki, upande wa chini, karibu na maji.

Tuliwaona kila siku wamekaa mlangoni, kila mmoja ameshika upande wake wa kitambaa kimoja. Walikuwa na kikwembe cha kufanana, cha buluu chenye ndege weupe, walichokishonea sikukuu ya Pasaka mwaka waliohamia. Walikivaa pamoja kwenda misa, na watu waliwasalimia kama mtu mmoja.

Ziwa ndilo lililowagawanya. Ile miaka maji yalipopanda yakala barabara za chini, yaliingia pia chumbani kwao. Waliamka vikwembe vinaelea. Walihamia kwa jirani, kisha kwa mwingine, na kila mahali palikuwa padogo kuliko pa kwanza. Sonia akaanza kusema habari za Nyunzu. Alisikia kwamba watu wanarudi, kwamba mihogo inapandwa tena.

"Nimechoka kukimbia," alimwambia mdogo wake asubuhi moja, wakiwa wanaanika vitambaa. "Kule tulikimbia moto, huku tunakimbia maji. Bora nikae mahali baba ya mutoto wangu alilala."

"Kule kuna nini, Yaya? Nani alibaki kule?"

"Kule njo kwetu," Sonia alijibu; kwake, kule ndiko kwao.

Evodie hakutaka kusikia. Walibishana kwa siku nyingi, na kama inavyokuwa kati ya ndugu, ubishi ulihama kutoka kwenye jambo lenyewe ukaenda kwenye kila kitu. Siku ya mwisho Evodie alisema neno ambalo majirani tulilisikia kupitia ukuta wa mabati.

"Nenda. Tutaona nani atakupindia huko. Katikati bila pindo ni matambara tu."

Sonia alijibu kwa utulivu, "Na pindo bila katikati ni kamba, mudogo wangu."

Aliondoka kwa lori pamoja na Bijou, juu ya magunia ya chumvi na samaki wakavu. Evodie alimsindikiza. Walizungumza habari ya sufuria, nani abaki na ile kubwa, na nani abaki na mfuniko. Lori likawashwa. Sonia alishika mkono wa mdogo wake, akauachia, akapanda.

Simu zilipatikana mara moja moja. Sonia alikuwa akisema mihogo imeota, Bijou anasoma, nyumba ina paa. Hakusema kama anashona. Evodie naye hakuuliza, kwa sababu kuuliza kungekuwa ni kuomba msamaha, na hakuwa tayari. Yeye aliendelea kupinda blanketi za wengine. Kipindi kile cha hasira alitoa kikwembe chake cha buluu sandukuni, akakikata mshazari, kanda nyembamba nyembamba, akazitumia kupinda blanketi za watu asiowajua vizuri. Siku moja mtu alimwuliza kama si nguo yake ya sikukuu. Alijibu kwamba nguo ni nguo.

Habari ya kifo aliipata kwa simu ya katekista wa kule Nyunzu, Papa Adalbert. Sonia alishikwa na homa, akatapika, wakambeba kwa kitanda cha miti kumpeleka kituo cha afya, mvua ikawakuta njiani. Walipofika alikuwa bado anapumua. Hakupumua muda mrefu. Wakati Papa Adalbert anapiga simu, walikuwa wameshamzika, maana mtandao ulikuwa umekatika siku zote hizo.

"Walimuzika wapi?" Evodie aliuliza.

"Karibu na bwana yake, Mama. Pale pale."

"Alivalishwa nini?"

Papa Adalbert hakujua. Alisema atauliza.

Tulikaa naye kilio hapa Kataki bila mwili, bila kaburi, picha moja tu ya simu iliyochapwa kubwa mpaka uso ukawa na ukungu. Evodie hakulia mbele ya watu. Alipokea mikono ya wote, akagawa chai, akakunja mikeka ya watu. Mama Odile, jirani yake wa muda mrefu ambaye huuza samaki, alimwambia apumzike, wengine watafanya kazi hiyo. Evodie alisema, "Niache na kazi, Mama Odile. Nikikaa nitaanguka."

Bijou alikuja baadaye, msimu wa kiangazi. Alikuwa amekuwa msichana mkubwa, mrefu kama mama yake mdogo, lakini sauti ilikuwa ya Sonia kabisa, na mara ya kwanza alipoita "Hodi" mlangoni, Evodie alidondosha mkasi. Bijou alikuwa njiani kwenda Moba kwa meli, kumalizia shule kwa masista walioahidi kumpokea. Alikuwa na mfuko wa nguo na furushi moja lililofungwa kwa kamba ya katani.

"Mama alinishonea hii ya kwenda nayo shule," alisema. "Lakini inapasuka, Mama Mudogo. Naomba unitengenezee."

Evodie alifungua furushi. Lilikuwa blanketi, na katikati yake ilikuwa kazi ya Sonia aliyekomaa: kijani cha majani mabichi kikipanda polepole hadi manjano, na manjano ikishuka hadi rangi ya udongo wa Nyunzu baada ya mvua. Evodie alipitisha kiganja juu yake mara nyingi. Halafu akafika pembeni.

Pindo lilikuwa la buluu, lenye ndege weupe.

Sonia alikikata kikwembe chake cha Pasaka. Alikikata kwa kufuata uzi, wala si mshazari, na hakukunja ukanda mara mbili. Alikuwa ameuvuta mno wakati wa kushona, ukingo ukajikunja mawimbi mawimbi. Kwenye mkunjo kitambaa kilikuwa kimeanza kupasuka kwa mstari mrefu, kama Evodie alivyokuwa akisema siku zote kitapasuka. Kona zilikuwa zimekusanywa kwa nguvu na kushonwa juu kwa juu, ngumu kama mafundo. Mishono ilionekana mbele na nyuma.

"Alishona na kufumua, kushona na kufumua," Bijou alisema. "Nilimwambia tupeleke kwa fundi wa mashine sokoni. Akakataa. Akasema ile kazi iko na mwenyewe. Eti yeye anashikiza tu mpaka ifike kwako."

Evodie aliinama akaitazama ile mishono kwa karibu. Kushikiza, au kupiga bandi kama mafundi wanavyosema, ni mishono mirefu, ya haraka, ya kutolewa kesho. Hii haikuwa bandi. Ilikuwa midogo, imebanana, na mahali pengine palionekana matundu ya sindano yasiyo na uzi, pale alipofumua na kurudia. Sonia alikuwa amejaribu kwa nguvu zake zote kupinda kama mdogo wake, akashindwa, akaona haya kusema. Evodie aliyaelewa yote hayo mara moja, na ndipo alipolia. Alilia na blanketi usoni, na Bijou, asiyejua cha kufanya, akakaa karibu naye.

Meli ya Moba ilikuwa haijapata mzigo wa kutosha, kwa hiyo palikuwa na muda. Kazi yenyewe ilikuwa wazi. Pindo lililoharibika hufumuliwa, ukingo husawazishwa kwa mkasi, ukanda mpya huwekwa. Evodie alikuwa ameifanya kazi hiyo kwenye blanketi za nusu ya mtaa. Alichukua wembe, akakaa mlangoni, akakata mshono wa kwanza. Akakata wa pili na wa tatu. Uzi mweusi ukatoka na kubaki kwenye kidole chake. Aliutazama. Kisha akaweka wembe chini, na hakuushika tena siku ile wala siku iliyofuata.

Mama Odile alimkuta amekaa hivyo, blanketi mapajani.

"Si unafumua tu?" alisema. "Unajua vile inafanywa."

"Nikifumua, mukono yake inaisha. Hii njo kitu ya mwisho alishona."

"Na ukiacha?"

"Nikiacha itakufa. Itaanza pembeni, kisha itaingia ndani. Mutoto atabaki na matambara." Alipotamka neno hilo alisimama ghafla, akaingia ndani, na Mama Odile akabaki peke yake mlangoni.

Ndani, Evodie alifungua sanduku lake. Alitafuta kile kikwembe chake cha buluu, akijua hakipo. Alimwaga hata mfuko wa vitambaa vidogo, akapata kipande kimoja chenye bawa la ndege, kidogo kiasi cha kiganja cha mtoto. Hakikutosha hata kona moja. Blanketi zilizopindwa kwa nguo ile zilikuwa zimetawanyika Kalemie yote, zingine zilivuka ziwa. Alikaa sakafuni katikati ya vipande, kama dada yake alivyokuwa akikaa, na hakuona rangi yoyote iliyofaa.

Mwishoni alichukua kitambaa cheusi cha kilio, kile alichokivaa yeye. Aliamua kutofumua. Angepinda juu ya pindo la Sonia, alifunike lote, libaki ndani.

Ni kazi mbaya, na yeye alijua hivyo kabla hajaanza. Ukingo uliokwisha kupindwa ni mnene, na kuupinda tena ni kuongeza unene juu ya unene. Ukanda wa kawaida haukutosha kuuzunguka, ikabidi akate mpana karibu mara mbili, na kitambaa kikawa kidogo, ikabidi aunge mara nyingi. Kwanza alirudishia ile mishono mitatu aliyoikata, kwa uzi mweusi, kwa namna ya Sonia, inayoonekana. Halafu akaufuata ukingo polepole, akiyalaza yale mawimbi kwa kidole gumba kabla ya kila mshono. Sindano haikutaka kupita. Alivaa subana ya chuma kwenye kidole cha kusukumia, na hata hivyo sindano zilivunjika. Kwenye kona alisimama upana wa kidole kabla, kama siku zote, akakunja juu, akashusha, lakini chini kulikuwa na fundo la dada yake na kona ikakataa kulala. Alijaribu tena. Ilikataa. Alipiga kwa pasi, akaipiga kwa mchi wa kinu. Kona zote nne zilibaki zimeinuka, nene kama vifundo vya vidole.

Bijou alikuwa akimtazama. "Ungefumua, ingekuwa rahisi, Mama Mudogo."

"Ingekuwa."

"Sasa kwa nini haukufumua?"

"Sikuweza," Evodie alisema, na akaendelea kushona.

Alipomaliza alilitandaza uani. Wanawake wa mtaa walikuja kulitazama. Wote walijua kazi ya Evodie, na wote waliona kwamba kona hazikulala na kwamba pindo lilikuwa pana na zito, jeusi kama mpaka wa shamba lililochomwa. Mama Odile aliishika kona moja, akaibonyeza, akaiachia. "Hii haitapasuka," alisema tu.

Meli iliondoka jua likiwa kali. Bandarini palikuwa na mbuzi, madumu ya mafuta na watu wanaoitana. Evodie alimfungia Bijou furushi lake kwa kamba ile ile, akamwambia asililaze kwenye sakafu ya meli kwa sababu ya maji, akamwambia awatii masista, ale. Alitaka kumweleza pia kuhusu neno alilomwambia mama yake, lile la matambara. Alifungua mdomo.

"Mama yako na mimi," alianza, "tulipoachana..."

"Ninajua," Bijou alisema. "Aliniambia."

"Alikuambia nini?"

"Alicheka, Mama Mudogo. Alisema ulikuwa na haki."

Evodie aliitikia kwa kichwa. Hakuweza kujua kama hilo lilikuwa kweli au kama mtoto alimhurumia tu, na hakuuliza. Alimshika mabega, akamsukuma taratibu kuelekea kwenye ubao wa kupandia.

Sasa anaishi peke yake katika chumba cha upande wa juu wa mtaa, mbali na maji. Anapinda blanketi za watu kama zamani, na kona zake zinalala. Mama Odile alimletea binti wa dada yake, mwenye mkono mwepesi wa kuunganisha vipande, ili wafanye kazi pamoja. Evodie alimpokea vizuri, akampa chai, akatazama alichoshona, akakisifu. Halafu akamwambia kwamba akimaliza amletee, naye atapinda. Lakini kukaa naye mkeka mmoja, hapana, asikasirike. Msichana hakukasirika.

Wakati wa baridi, upepo ulipokuwa ukivuma kutoka ziwani, Bijou alipiga simu kutoka Moba. Aliongea habari za shule na za chakula, halafu akasema mshono mmoja wa mgongoni umefunguka, upande wa miguuni, na alitaka kujua namna ya kuurekebisha mwenyewe.

Evodie aliketi. Alimwambia atumie uzi mmoja tu, usiwe mrefu kupita mkono wake. "Fundo uifiche ndani ya mukunjo. Kisha shika uzi moja tu ya kitambaa, moja, usivute. Sukuma sindano ipite chini ya pindo, itokee mbele kidogo. Tena hivyo. Unasikia?"

"Ninasikia, Mama Mudogo. Uzi moja."

"Ukifika karibu na kona, pale kuna ugumu..."

Mtandao ulikatika. Evodie aliishikilia simu sikioni, akiendelea kuonyesha kwa mkono wa pili namna ya kuigeuza kona, mkono ukienda juu, ukishuka, hewani. Kisha aliiweka simu mapajani, akasubiri ipigwe tena. Siku ile haikupigwa.